Dodoma: nyumba Nala bila bomba au Ipagala yenye kila kitu: tofauti ya milioni 30 ni halali?

mgeni_wa_makole: Wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nyumba mbili, vyumba vitatu kila moja, viwanja vya mita za mraba 600. Ya Ipagala ni milioni 85: maji ya DUWASA (mamlaka ya maji Dodoma), umeme, lami mita 200. Ya Nala ni milioni 55: maji ya boza (lita 5,000 kwa 60,000), nguzo ya mwisho ya umeme iko mita 140, njia inakatwa na korongo. Dalali anadai bomba liko njiani na barabara ya mzunguko ikikamilika bei itapaa. Tuko watu watano.

fundi_bomba_dom: Mkuu, anza na maji, hapo ndipo hela inapovuja. Kwa lita 80 kwa mtu kwa siku mnatumia lita 400, yaani 12,000 kwa mwezi. Hizo ni boza 2.4, sawa na 144,000 kwa mwezi na 1,728,000 kwa mwaka. Miaka mitano ni milioni 8.64, kabla ya kutoa bili ambayo ungelipa kwenye bomba. Tena tanki liwe la lita 5,000 na zaidi. Ukiwa na la 2,000, boza litashusha kidogo na utalipia safari nzima.

Kuchimba kisima usikuchukulie kama njia ya mkato. Maji ya ardhini Dodoma sehemu nyingi yana chumvi, kwa hiyo pima sampuli maabara kabla ya kununua pampu.

Hata Ipagala usiridhike na kuona koki. Omba jirani akuonyeshe bili zake za miezi ya Septemba hadi Novemba, kipindi cha kiangazi, na muulize maji hutoka siku zipi. Kisha fuatilia bomba linakoanzia. Kama ni la nusu inchi limeungwa kwa jirani na linagawiwa nyumba kumi, mwenye nyumba ya mwisho, na hasa aliye mlimani, anabaki na upepo. Mita iwe kwa jina la muuzaji na isiwe na deni.

nguzo_na_waya: Umeme: laini ya kuingia ndani kwa kawaida haizidi mita 30 kutoka nguzoni. Kwa mita 140 utahitaji nguzo mbili au tatu. Omba upimaji wa TANESCO upate gharama kwa maandishi kabla ya kupatana bei. Ile ada ya kuunganishiwa ya 27,000 inayotajwa kila mahali ni ya vijijini, kwa hiyo uliza hapo pameandikishwa kijiji au mji.

mthamini_wa_kati: Sikubaliani na hoja ya dalali ya kununua huduma inayokuja. Muuzaji naye kasikia habari hizo hizo, na sehemu ya ongezeko keshaiweka kwenye hiyo milioni 55. Swali ni nyumba ya aina ile isiyo na ahadi yoyote inauzwa ngapi. Tafuta mauzo matatu yaliyokamilika karibu na hapo, siyo bei za matangazo.

Barabara ya mzunguko ina kilomita 112.3 na kweli inapita Nala. Lakini thamani huongezeka karibu na mahali pa kuingilia na kutokea. Nyumba iliyo ubavuni mwa barabara kuu, makutano yakiwa mbali, inapata kelele na vumbi tu. Hakikisha pia haimo ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Alama ya X ukutani, ya kubomolewa, haifutiki kwa rangi ya dalali.

mleta_ramani: Nenda ofisi za jiji na namba ya kiwanja na kitalu, angalia mchoro wa mipango miji. Njia iliyoandikwa mita 10 mara nyingi uwanjani ni mita 4 kwa sababu ya uzio wa watu, na boza halipiti. Baada ya hapo fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Hati za zamani za CDA (iliyokuwa mamlaka ya ustawishaji makao makuu) zilikuwa za miaka 33. Ikiwa hii ni mojawapo, hesabu imebaki mingapi. Benki nayo itaiuliza.

mgeni_wa_makole: Korongo je?

fundi_bomba_dom: Lione mvua ikinyesha, kati ya Desemba na Aprili. Kalvati la kufaa ni gharama ya mtaa mzima, na shimo la maji taka likiwa kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi halinyonyi. Gari la kunyonya nalo halivuki. Tafuta fundi apige bei ya kujaza njia kwa moramu, ongeza nguzo, ongeza tanki na boza za miaka mitano. Jumla ikizidi milioni 20, usitoe zaidi ya 45 kwa Nala.

mthamini_wa_kati: Mimi ningeshuka hadi 42. Na ukiipata kwa hiyo, andika kwenye mkataba nani analipa kodi ya mauzo, maana wauzaji wengi hukumbuka hilo siku ya kuhamisha hati.

mgeni_wa_makole: Naenda jiji Jumatatu na namba ya kitalu.