Maji ya batiki: eti kuna uyoga unakula rangi?

dada_batiki: Wakuu habari za mihangaiko. Natengeneza batiki uani kwangu hapa Moro, na maji ya kusuuzia nilikuwa namwaga mtaroni mpaka juzi jirani kaja kugonga, bata wake katoka bluu kifua chote, tukacheka ila mwenzenu aibu imenijaa. Sasa mdogo wangu wa chuo ananiambia kuna uyoga unakula rangi. Ni kweli au ndo stori za vijana? Sina hela ya mtambo mimi.

mzee_wa_mamama: Ni kweli dada, tena ni huu huu uyoga mamama tunaolima kwenye mifuko. Porini kazi yake ni kuozesha mti, na kile kinachoupa mti ugumu, lignini, hakina mpangilio wa kueleweka, kwa hiyo uyoga unatoa vimeng'enya visivyochagua sana, vinashambulia chochote kinachofanana nacho, na rangi za dukani nyingi zimo humo. Kimoja kinaitwa lakesi. Mimi mifuko iliyochoka kuzaa nilikuwa natupa, siku moja nikatumbukiza pande kwenye ndoo ya mke wangu, maji ya zambarau ya kupakia ukili wa mikeka. Kesho yake utando mweupe wote umekuwa zambarau, nikasema basi umekufa. Siku ya nne hivi ukaanza kurudi mweupe.

fundi_maabara: Hapo kwenye kurudi mweupe mzee kagusa penyewe. Maji kung'aa peke yake sio ushahidi, utando unanyonya rangi kama sponji, ukibaki na rangi ujue umehamisha tu mzigo. Na shimo la maji machafu lisilo na hewa nalo lina ujanja wake, bakteria wanakata rangi za azo pale nitrojeni mbili zilipoungana, maji yanapoteza rangi vizuri kabisa, kumbe zimebaki kemikali ziitwazo amini, ambazo baadhi zinaleta kansa. Uyoga huyu anayeozesha mti anatumia oksijeni, njia yake ni nyingine. Haya yanajulikana toka 1983, watafiti Glenn na Gold walionyesha kuvu aitwaye Phanerochaete chrysosporium anavunja rangi. Dada unatumia rangi gani, ile ya kuyeyusha kwa kostiki na haidro?

dada_batiki: Ndio hiyo hiyo

fundi_maabara: Basi uyoga subiri kwanza. Maji ya kostiki pH yake, kile kipimo cha asidi na magadi, inapita 12, mamama anataka kwenye 5 au 6, utamuua mlangoni. Halafu haidro inamaliza oksijeni yote na lakesi bila oksijeni haifanyi kazi. Ila una bahati, rangi hiyo ikipata hewa haiyeyuki tena majini, si unaona kitambaa kinavyobadilika rangi ukikitoa ndooni? Mwaga kwenye pipa lililo wazi, koroga kwa mti mara kwa mara siku mbili, acha ituame, chuja. Tope kausha, usirudishe mtaroni. Maji yaliyobaki punguza ukali kwa siki kidogo kidogo, vaa glavu, pima kwa karatasi ya pH, ndo uweke pande la mfuko.

mzee_wa_mamama: Na pande liweke zima na maranda yake, usilivuruge, humo ndo nyumbani kwake na chakula chake. Ukimwacha uchi kwenye maji machafu bakteria wanampiku ndani ya siku chache, nadhani hicho ndo kinawashinda hata wenye viwanda. Na ukiota uyoga pembeni ya pipa dada tafadhali usiupike.

kijana_wa_bondeni: Nikimwagilia mchicha hayo maji yakishatoka humo?

fundi_maabara: Usithubutu. Chumvi na sodiamu ya kostiki uyoga haugusi, zinabaki zote humo, utaua udongo.

dada_batiki: Mrejesho wakuu. Pipa lina siku mbili, chini kuna tope la bluu kama uji mzito, juu maji yamebaki rangi ya chai ya rangi. Mzee hayo mapande ya mfuko unauzaje?

mzee_wa_mamama: Njoo na kiroba uchukue bure.