Ada imetushinda, shule ya serikali ina watoto 118 darasani, mume hataki niwafundishe nyumbani. Nifanyeje?

MamaWawili

Habari zenu, wakubwa shikamooni. Jambo hili ninalo moyoni tangu mwezi wa tisa, na mimi na mwenzangu tumeshindwa kulimaliza peke yetu.

Tunaishi Mbezi, Dar es Salaam, kule ndani. Nina watoto wawili. Binti ana miaka saba na nusu, anamaliza darasa la pili ingilishi midiamu. Mdogo wake wa kiume anamaliza awali hapo hapo na Januari anaingia la kwanza. Ada ni shilingi 1,600,000 kwa mwaka kwa kila mmoja, gari la shule 700,000 kwa kila mmoja. Hapo ni milioni nne na laki sita, sare na madaftari yenye nembo yao bado. Mkataba wa mume wangu uliisha mwezi wa nane. Vibarua anapata, ila si vya kulipa pesa hiyo. Mimi nashona nyumbani, nina cherehani mbili.

Pesa ndiyo iliyonifanya nianze kutazama, na nilipotazama nikaona mengine. Binti anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Gari linapita saa kumi na moja na robo, linazunguka kuokota watoto mpaka karibu saa moja. Anarudi saa kumi na moja jioni, anakula akisinzia, kijiko kikiwa mkononi. Juzi bibi yake alituma ujumbe kwenye simu, nikamwambia msomee baba. Hakuweza. Alilitamka "ng'ombe" kama ni maneno mawili. Shuleni kwao kuna kibao cha mbao anachovalishwa mtoto aliyesikika akiongea Kiswahili, na yeye alishinda nacho shingoni kwa sababu alimwambia mwenzake aliyeanguka "pole". Hilo sikuwa nalijua. Nilimkuta analia bafuni ndipo akaniambia.

Dakika kumi kwa mguu kutoka kwetu kuna shule ya msingi ya serikali. Nilikwenda. Walimu walinipokea vizuri kabisa, lakini darasa la tatu lina watoto 118 kwa mwalimu mmoja, dawati moja wanakaa wanne, wa mwisho nusu paja liko nje. Nikarudi na roho nzito.

Basi nikafikiria kuwafundisha mwenyewe. Nina diploma ya uhasibu, hesabu hazinisumbui, na kutwa nzima nipo nyumbani. Mume wangu hataki hata kulisikia. Anasema mtoto asiye na shule ni mtoto asiye na wenzake.

Naombeni uzoefu, hasa ninyi mliowahi kumhamisha mtoto.

BabaWaTatu

Usimtoe. Mimi nilikopa kwenye kikoba miaka minne mfululizo, wangu wa kwanza sasa yuko kidato cha pili na Kiingereza anaongea bila kuogopa mtu. Kiwanja tulichotaka kununua hatukununua, na sijutii. Uza cherehani moja, mwombe mkuu wa shule ulipe kwa awamu sita, umbakize. Shule hizi ndizo zinazoongoza kila matokeo yakitoka.

KijanaWaKusini

Mama, mimi nilisoma ya serikali kuanzia la kwanza mpaka kidato cha nne. Darasa la saba nilikuwa wa pili shuleni. Nikaingia kidato cha kwanza, mwalimu wa Baiolojia akaanza kumwaga Kiingereza kitupu, na kwa miezi sita nilikuwa nanakili ubaoni kitu nisichokijua. Nilikuwa nachora herufi tu. Wenzangu wengi wenye akili kunizidi waliishia hapo, walidhani wao ni wajinga, kumbe walikuwa hawajapewa lugha.

Binti yako lugha hiyo tayari anayo kichwani. Popote utakapompeleka, usiiache ife. Nusu saa ya kitabu cha Kiingereza kila jioni, basi. Mimi ningepata hiyo nusu saa nisingerudia kidato cha pili.

ChakiNyeupe

MamaWawili mdogo wangu, pole. Nimefundisha shule za msingi za serikali miaka 22, mikoa mitatu. Nitaandika kwa kirefu, univumilie.

Hiyo 118 haijanishangaza. Kiwango ni watoto 45 kwa darasa la msingi. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika, hata wale ambao wazazi wao walikuwa wanawaficha nyumbani kwa kukosa mchango, na mimi nilifurahi kuwaona wale. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kasi ile. Ruzuku ya serikali ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na sehemu yake inakatwa kwa ajili ya vitabu. Ndiyo maana utaitwa kwenye kikao cha wazazi kuchangia uji, mlinzi na karatasi za mitihani. Changia ukiweza, ila ujue michango hiyo ni ya hiari, na mtoto haruhusiwi kurudishwa nyumbani kwa sababu yake.

Sasa nikwambie kinachotokea ndani ya darasa la 118. Wa mbele nawajua. Watundu nawajua. Wale wanaojua sana wananyoosha mikono wenyewe. Wa katikati, wapole, wanaonitazama wakiitikia "ndiyo mwalimu", hao ndio ninaowapoteza, na ninarudi nyumbani nikijua nimewapoteza. Kama binti yako ni mpole, wewe utakuwa mwalimu wake wa pili. Kila jioni fungua daftari. Ukikuta halijasahihishwa usije kugombana na mwenzangu, sahihisha wewe, na pale mtoto alipokwama mwandikie mwalimu kikaratasi. Mimi nilikuwa na mama mmoja muuza samaki aliyefanya hivyo miaka miwili. Hakuwa amesoma zaidi ya la saba. Mtoto wake nilimjua kuliko wote.

Pili, umekwenda shule moja. Nenda tatu. Tofauti kati ya shule na shule ndani ya kata moja ni kubwa mno, hasa pale shule mama ilipogawanywa. Usiulize ufaulu kwanza. Muulize mwalimu mkuu: la tatu lina mikondo mingapi? Nani anafundisha la kwanza na la pili, mwalimu mzoefu au aliyewekwa kwa sababu hakuna mwingine? Wanaingia kwa zamu au wote asubuhi? Halafu kaa nje ya darasa saa nne asubuhi, sikiliza. Zipo pia shule za serikali zinazofundisha kwa Kiingereza, kama Olympio na Diamond pale Upanga. Zina gharama zake na nafasi hugombewa, na kutoka Mbezi utakuwa umerudi kwenye lile gari la alfajiri.

Na muda wenyewe si mwingi. Binti yako yumo katika mtaala mpya ulioanza 2024, kwa hiyo msingi kwake ni miaka sita. Atamaliza darasa la sita mwaka 2029, kisha kidato cha kwanza kwa Kiingereza, kama alivyosema KijanaWaKusini.

BabaWaTatu, kaka yangu, nakuheshimu kwa ulichojinyima. Ila hilo la shule zinazoongoza, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya 2022. Na shule inayomchuja mtoto kwa usaili akiwa na miaka sita haipaswi kujisifia kwamba ndiyo iliyomfanya awe mwepesi.

BabaWaTatu

Mwalimu, nimekuelewa. Lakini wewe mwenyewe umesema wapole unawapoteza. Wangu wa kwanza alikuwa mpole. Ndiyo sababu yangu nzima.

ChakiNyeupe

Ni sababu ya haki. Sina jibu la kuipinga.

NipoHouston

Dada, mimi niko Texas, wanangu wawili nimewafundisha nyumbani miaka mitatu. Huku sheria ni nyepesi sana, huhitaji hata kuijulisha serikali ya jimbo, wanachotaka ni ufundishe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Lakini usiangalie sheria tu. Kilichonibeba ni maktaba ya umma iliyo karibu, tunaazima vitabu arobaini kwa mkupuo bila senti, na familia kumi na moja tunaokutana kila Jumatano watoto wacheze na kufanya sayansi pamoja. Bila vitu hivyo viwili ningeacha mwezi wa pili. Unavyo hapo ulipo? Hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya lingine lolote.

WaArusha

Nimefanya hapa hapa nchini, kwa hiyo niongezee. Sheria ya Elimu ya 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule ya msingi mtoto aliyefikisha miaka saba na ahakikishe anahudhuria. Binti yako ameshaipita miaka hiyo. Halafu mtihani wa kumaliza msingi mtoto anaufanya kupitia shule iliyosajiliwa, hawezi kwenda peke yake kama mtahiniwa wa kujitegemea. Bila mtihani huo hapangiwi kidato cha kwanza cha serikali. Wengi tunaofundisha nyumbani tunaangukia mtaala wa Cambridge wa Uingereza, na mwisho wake ni mitihani inayosimamiwa na British Council ambayo unalipia kila somo. Kwa pesa unazozieleza, utakuwa umekimbia ada ya leo ukakutana na ada ya kesho.

Kielimu mwanangu alifaidika sana. Alisoma kuhusu volkano wiki tatu kwa sababu alitaka, tukapanda mpaka geti la Mlima Meru. Ila alipofika miaka kumi alianza kukaa dirishani saa nane mchana kusubiri watoto wa jirani warudi shule. Tukamwandikisha. Mume wako ana hoja, usimbeze.

MamaMaandazi

Mimi nilifundisha nyumbani bila kupenda, kama sote. Shule zilifungwa kwa ajili ya korona tarehe 17 Machi 2020, msingi wakarudi tarehe 29 Juni. Nina watatu. Wiki mbili za kwanza nilipenda, tulisoma mkekani, wakaanza hata kunisaidia kuhesabu chenji. Wiki ya tatu nikawa nawapigia kelele. Mteja hajui kwamba unafundisha, anataka maandazi saa kumi na mbili. Wewe unashona, desemba na sikukuu unajua ilivyo. Utamwacha mtoto na sentensi nusu ukapokee mtu wa vipimo. Ule mwezi wa tatu wa kufundisha moyo wangu ulikuwa unauma kila siku kwa sababu nilikuwa nawakosea wote, watoto na wateja.

Lakini saa moja ya jioni niliibakiza mpaka leo. Hiyo nakushauri uishike.

MamaWawili

Nimewasoma wote zaidi ya mara moja, na mume wangu nimemsomea. Kwa WaArusha alinyamaza, akaniuliza yule mtoto wa dirishani aliendeleaje. Maktaba karibu sina, NipoHouston, na hao familia kumi na moja sina.

Tumekwenda shule mbili zaidi, tukiwa wote wawili. Moja ina zamu, la tatu wanaingia mchana, hatukuipenda. Nyingine ni dakika ishirini na tano kwa mguu, lazima uvuke barabara ya vumbi yenye malori ya mchanga. La tatu lina mikondo miwili, watoto 67 na 71. Mwalimu wa la kwanza ni mama wa makamo. Nilikaa nje saa nne kama ulivyoniambia, ChakiNyeupe. Alikuwa anawaimbisha irabu, na mtoto aliyekosea akamshika bega, akarudia naye, darasa likasubiri. Mume wangu alisema, "Hapa." Atakuwa anawavusha barabara yeye asubuhi, kibarua kinaanza saa mbili.

BabaWaTatu, nilijaribu pia kuomba awamu sita. Walikubali tatu, na hawagusi nauli ya gari. Nakushukuru hata hivyo, ulinipa nguvu ya kwenda kuomba.

Nina maswali mawili. La kwanza, tunadaiwa 350,000 ya muhula uliopita, na wanasema hawatoi barua ya uhamisho mpaka tumalize. La pili, Jumatatu shule mpya itampima binti kusoma kwa Kiswahili, wajue wamweke mkondo gani. Nina siku nne. Nimfundishe nini?

ChakiNyeupe

La deni: nenda na baba, muandikishiane ahadi yenye tarehe, mlipe hata laki ya kuanzia, na uombe wahamishe taarifa zake kwenye PREM, ule mfumo wa Baraza la Mitihani wa kutunza kumbukumbu za wanafunzi. Namba yake ya PREM iandike kwenye daftari lako mwenyewe leo hii, maana ndiyo itakayomfuata mpaka mtihani wa mwisho. Wakigoma kabisa, nenda kwa ofisa elimu kata na nakala ya hiyo ahadi. Mdogo wake ni rahisi, cheti cha kuzaliwa kinatosha kumwandikisha la kwanza, na mfanye wiki hii kabla nafasi hazijajaa.

La kusoma: usimfundishe kitabu kizima. Chukua ng', ny, mb, nd, dh na gh tu. Silabi kumi asubuhi, kumi jioni, kwa maneno anayoyajua: ng'ombe, nyanya, mbuzi, ndizi, dhahabu, ghali. Kwa kuwa anasoma Kiingereza, macho yake tayari yanajua kutembea kwenye mstari, atashika haraka kuliko unavyodhani. Vitabu vya darasa la kwanza na la pili vya Taasisi ya Elimu vipo bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, vifungue kwenye simu. Akikosea Jumatatu, asionyeshwe uso wa huzuni. Na Jumapili alale saa mbili.

MamaWawili

Namba nimeiandika. Ng'ombe kaisoma jioni hii, akaisoma tena bila kuambiwa, kisha akaomba simu ampigie bibi yake.