Ukoo wa Bi Mwantumu: mkono wa Mama

Da Mwana: Asalaam aleikum jamani. Mama kaamka usingizi wa alasiri, mkono wa kulia umevimba. Upande uleule wa poti, kile kidude cha chini ya ngozi anachopitishiwa kemo, dawa ya saratani. Pete haitoki kidoleni.

Shangazi: Waaleikum salaam. Kaulalia huo. Mchue na mafuta ya nazi ya moto, kesho umekwisha.

Nuru: Shangazi shikamoo. Samahani, asichuliwe hata kidogo! Da Mwana, shingo ikoje? Mishipa ya kifuani je?

Da Mwana: Shingo imejaa upande huo. Na kuna mshipa wa kijani chini ya mtulinga, jana sikuuona.

Nuru: Homa? Pima kwa kipimajoto, si kwa kiganja.

Da Mwana: 37.1. Hatetemeki.

Nuru: Afadhali. Angetetemeka baada ya kusafishwa poti ningehofia wadudu wameingia kwenye damu. Hii naona kama damu imeganda. Ule mpira wa poti unapita ndani ya mshipa mkubwa hadi karibu na moyo, na damu huweza kuganda kuuzunguka. Apigwe ultrasaundi USIKU HUU. Pumzi ikimbana njiani, semeni mlangoni kabisa mwa hospitali.

Ba’mdogo: Si walimsafisha juzi?

Da Mwana: Zahanati ya hapa jirani. Ilikuwa nzito, nesi akasukuma kwa nguvu na kibomba cha mili 2.

Nuru: Mili 2 😳 Kibomba cha poti ni cha mili 10 kwenda juu! Kibomba kidogo ndicho chenye presha kali, mpira unaweza kupasuka humo ndani. Ikigoma inaachwa, haishindaniwi. Mwambieni hilo daktari, msione haya.

Shangazi: Si wakitoe tu hicho kidude? Mie tangu mwanzo sikukipenda.

Nuru: Mara nyingi hakitolewi Shangazi, kama bado kinafanya kazi. Anapewa dawa ya kuzuia damu kuganda, kemo inaendelea.

Shangazi: Haya mama, wewe ndiye uliyesoma.

Ba’mdogo: Nimewasha gari. Natoka Tandika.

Da Mwana: Mama anauliza kama anaweza kumaliza uji wake kwanza 😂

Nuru: Amalize. Wewe mtoe pete kwa sabuni kabla hajavimba zaidi. Na ubebe ile kadi ya poti aliyopewa siku ya upasuaji.

Da Mwana: Iko kwenye msahafu wake.

Da Mwana: Pete imetoka. Tuko Jangwani, foleni haisogei.