Nimeletewa barua ya wakili kuhusu lebo za kuzuia feki, madai ya hataza (patent, haki ya kulinda uvumbuzi) yanasomwaje?

MchapajiMwanjelwa: Wakuu habari za jioni, mimi nachapa lebo hapa Mwanjelwa, za mifuko ya mchele na mbegu za mahindi, zile unabandua stika unakuta namba unaituma kwa meseji unajibiwa kama mzigo ni orijino au feki. Sasa kuna kampuni imeniletea barua eti navunja hataza yao, wamenukuu kwamba ni ya "lebo yenye namba ya siri ya kuhakiki bidhaa", sasa si kila lebo itakuwa yao jamani? Mbona vocha za simu tumezikwangua miaka yote

fundi_uyole: Mkuu hapo wamekunukulia muhtasari, huo haumfungi mtu. Nenda kwenye madai, yale maelezo yenye namba yanayosema hataza inalinda nini hasa, soma dai la 1 kipande kwa kipande, lebo yako iwe pembeni. Kikikosekana hata kimoja, kwa maneno ya dai hujavunja. Na hiyo ya vocha usiitupe, dai likisomwa kwa upana wote huo linakutana na vitu vilivyokuwepo kabla yao na hapo linakufa

MchapajiMwanjelwa: Nimelisoma. Lebo yenye namba mbili, moja iko wazi, ya pili iko chini ya tabaka la kukwangua, halafu kompyuta inalinganisha zote mbili. Yangu ina namba moja tu na haikwanguliwi, inabanduliwa

MwanaMakambako: Ndugu yangu hiyo ya kubandua usiiegemee sana. Uingereza 2017 kulikuwa na kesi ya kampuni za dawa, Actavis na Eli Lilly, dai la hataza ya Lilly lilitaja pemetrexed disodium, yaani chumvi moja ya dawa ya saratani, Actavis wakatumia chumvi nyingine ya dawa hiyohiyo, Mahakama ya Juu ikasema bado wamevunja, kubadilisha kipande kwa kinachofanya kazi ileile hakukuwaokoa. Mahakama zetu hazifungwi na maamuzi ya kule ila huwa zinayasikiliza. Ngome yako ni namba ya pili, maana hapo hujabadilisha kipande, hakipo kabisa, mfumo wako hauna cha kulinganisha

fundi_uyole: Mie ningeanza BRELA, wakala wa usajili wa hapa kwetu, niulize kama hiyo hataza imesajiliwa Tanzania au imepitia ARIPO, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, na Tanzania ikatajwa. Hataza ya nje tupu haivuki mpaka

MchapajiMwanjelwa: Aisee namba yao inaanza na US, ya Marekani

MwanaMakambako: Haa! Ulizia hata hivyo, wanaweza kuwa na nyingine ARIPO. Na usijibu hiyo barua mwenyewe wala kuahidi kusitisha, mpe wakili