Ushauri elekezi: kampuni kubwa Westlands au kujitegemea?

Msomi_wa_Rongai: Wadau, habari za jioni. Nimemaliza digrii ya uchumi na nina milango miwili. Kampuni kubwa ya ushauri pale Westlands, Nairobi, imeniita niwe mchanganuzi wa ngazi ya chini. Pia kuna dada mmoja Kilimani anayefanya tathmini za miradi ya mashirika yasiyo ya serikali, anataka nimsaidie, malipo ni kazi kwa kazi. Hesabu naiweza, lakini mimi ni mkimya na kusimama mbele ya watu hunitoa jasho. Nitafaa wapi?

Mhasibu_Mstaafu: Westlands, kijana wangu. Si kwa ajili ya jina. Huko kila ukurasa wako utapitiwa na mtu anayejua kazi. Ukiandika juu ya slaidi "Mauzo ya 2023", itarudishwa. Wanataka useme jambo lenyewe: "Mauzo yalishuka kwa sababu maduka mawili ya Mombasa yalikosa bidhaa." Utarudishiwa hivyo mara nyingi, na anayenuna hadumu. Hesabu unayo; jiulize kama una moyo wa kusahihishwa.

Mama_Zabuni: Mzee, hayo ni ya aliye na mshahara. Sisi tunaojitegemea, nusu ya kazi ni kuandika maombi na kufuata malipo. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi na masharti yake, nazisoma kama hati ya shamba. Zikisema ripoti italipwa "ikikubaliwa na mteja" bila kutaja marekebisho ni mangapi, utarekebisha hadi Krismasi. Mimi huandika mapema: marekebisho mawili tu, na sehemu ya pesa nilipwe kabla sijaanza. Ankara itoke kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi. Mteja atakata kodi ya asilimia 5 kwenye malipo yako aipeleke KRA. Usilie, itahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa ukijaza ritani, bora uwe na cheti cha makato hayo. Kama unaona haya kudai pesa, hutaweza.

Wa_Umoja: Mbona mnaupita huo ukimya kana kwamba ni ugonjwa? Timu yetu ilitumwa kuchunguza kwa nini dawa zinaisha katika zahanati fulani. Meneja alituonyesha chati za rangi zote. Mwenzetu mmoja asiye na maneno mengi akaenda kukaa na mwenye stoo, wakanywa chai. Kumbe fomu za kuagiza hujazwa Ijumaa, na mwenye kuzitia sahihi haonekani ofisini hadi Jumanne. Chati haikuwa na hilo.

Mhasibu_Mstaafu: Sawa, lakini mbele ya bodi mkurugenzi wa fedha atauliza namba hiyo imetoka wapi, na chai haitamjibu. Kuongea kunafundishika. Klabu za Toastmasters, za kujifunza kuongea mbele ya watu, ziko hapa Nairobi, ajiunge na moja.

Msomi_wa_Rongai: Na mahojiano? Nasikia wanakupa kisa ukitatue papo hapo.

Wa_Umoja: Ndiyo, kampuni kubwa za ushauri kama McKinsey na BCG zinajulikana kwa hayo. Mfano: faida ya kampuni ya maziwa imeshuka, kwa nini? Usikimbilie jibu. Tenga mapato na gharama, kisha mapato uyagawe: bei imeshuka, au lita zinazouzwa? Wanatazama unavyolipasua swali, na kama unauliza kabla ya kudhani. Fanya mazoezi kwa sauti na rafiki, tena bila kikokotoo.

Mama_Zabuni: Msomi, kabla hujamkataa huyo dada, muulize kama jina lako litakuwa miongoni mwa waandishi wa ripoti. Ukiomba kazi nyingine utatakiwa kuonyesha ripoti ulizoandika. Jina likiwepo, hata malipo madogo yanavumilika.

Msomi_wa_Rongai: Nimemtumia ujumbe, amejibu sasa hivi. Anasema nitatajwa kwenye shukrani.

Mama_Zabuni: Shukrani? Panda matatu ya Westlands.