Tupeane uzoefu: mlango gani umewahi kukusimamisha ukiwa safarini?

Mleta uzi

Wakuu habari za jioni, naombeni msinicheke. Mwezi uliopita nilivuka kwenda Unguja kumsindikiza mama mdogo kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake, tukafikia Mji Mkongwe kwa jamaa zao. Mimi majengo sio fani yangu, mimi ni mtu wa mizigo, kupakia na kupakua pale mjini basi. Sasa asubuhi ya kwanza nikatumwa mkate, nikapotea kwenye vile vichochoro (mle ukiuliza njia kila mtu anakwambia "nyooka tu" na hakuna kilichonyooka), nikatokea mbele ya mlango.

Mlango tu jamani. Mkubwa, mweusi kwa uzee, una misumari ya shaba imechongoka kama zile pia tulizokuwa tunachezea utotoni. Nikachuchumaa. Chini kabisa kwenye mwimo kuna samaki, wamechongwa gamba moja moja, ukipanda juu unakuta majani, ukipanda tena maua, na pembeni mnyororo umezunguka fremu yote, pete kwa pete, na ni mti ule sio chuma! Samaki mmoja kichwa kimelika, laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, nahisi watoto wa ile nyumba vizazi na vizazi wamekuwa wakikaa kizingitini wanamshikashika. Mama mdogo kapiga simu mara tatu, chai imepoa, mimi bado nipo na samaki.

Kichekesho sasa. Nimerudi Dar, Jumatatu natoka kazini napita Sokoine Drive, pale karibu na boti za Zanzibar, nikanyanyua macho nikaona Old Boma, lile jengo la enzi za Sultani Majid, miaka ya 1860 huko. Lina mlango wa kuchongwa. Nina miaka sita napita pale, siku nyingine mara nne kwa siku, sijawahi kuuona!!

Haya, tupeane uzoefu. Wewe ni upi ulikusimamisha?

Dereva wa masafa

Mkuu wangu mimi ni Tabora. Gari liliniharibikia giaboksi, spea inatoka Dar, nikakaa siku nne sina kazi. Siku ya tatu kijana wa bodaboda akaniambia twende Kwihara nikuoneshe kwa Livingstone. Nikasema twende, gesti kwenyewe kulikuwa hakuna umeme.

Tunafika nakuta tembe la udongo, la mwaka 1857, limejengwa na Waarabu wa ile misafara ya pembe na watumwa, halafu mbele lina mlango wa pwani kabisa, wa kuchongwa kama huo unaousema. Aisee nikaduwaa. Kutoka bahari hadi pale mimi na lori langu naitafuta siku nzima na zaidi, wale walikwenda kwa miguu miezi mitatu na bado mtu anataka mlango kama wa kwao Unguja. Sijui waliuchonga kule kule au ulibebwa vichwani, lakini ukiwaza ni kichwa cha mtu mmoja ambaye wala hajataka kuwepo kwenye safari ile, unakosa raha hata ya kupiga picha.

Mzee wa pale akasema Livingstone mwaka 1872 alikaa miezi humo ndani, Stanley kashaondoka, anasubiri wapagazi waletwe kutoka pwani. Nikamwambia mzee namwelewa sana, na mimi nasubiri giaboksi.

Mdau wa Tabata

Wahenga walishasema nyumba njema si mlango. Mimi nilipanga nyumba kwa kupenda geti, lina maua ya chuma na farasi wawili wamesimama, nikalipa kodi ya miezi sita. Ndani maji yanatoka Alhamisi usiku tu. Endeleeni.

Fundi, Keko

Nimesoma kimya nimeshindwa kuvumilia. Mleta uzi ule mti wa katikati, uliosimama pale mbao mbili zinapokutana, unaitwa mfaa. Umeshikizwa kwenye ubao mmoja, kwa hiyo ubao wa pili ndio unatangulia kufunguka. Mkikuta tena angalieni hapo, mafundi wa zamani walikuwa wanamalizia ufundi wao kwenye mfaa na kwenye ubao wa juu. Na sio yote ni mamoja. Kuna ya kichwa cha mraba, watu wanaita ya Kiarabu, kuna ya upinde juu imejaa maua, na kuna ile ya Kihindi ya mabawa yanayojikunja vipandevipande, hiyo mara nyingi ni ya duka, unafungua kidogo au unafungua yote kutegemea biashara.

Sasa mimi yaliyonikuta. Mteja kaja na picha kwenye simu, kaipiga hotelini Zanzibar, anataka kama ule ule. Nikamwambia bosi huu ni mtiki au mninga mkavu, nakshi ni ya mkono, nipe miezi miwili. Akasema anahamia wiki ijayo. Tukabishana tukaishia nakshi ya mashine na misumari ya bati iliyopigwa rangi ya dhahabu. Ukiuona kwa mbali ukiwa ndani ya gari unapendeza. Mvua ya kwanza dhahabu ikaanza kuchuruzika, kanipigia simu ananitukana na mimi nikamsikiliza tu, maana hata mimi mlango wenyewe nilikuwa nauonea aibu.

Dada wa Sinza

Wangu upo Bagamoyo, mji mkongwe, ila sisemi nyumba ipi na mtaelewa kwa nini.

Tulienda kikundi, wenzangu wako bize na magofu ya Kaole mimi nazunguka napiga picha milango. Nimefika kwenye mmoja nakshi zimefutika nusu, upande mmoja unaona maua vizuri upande wa pili chumvi na jua vimeshakula, nimeinama kabisa na simu, mara ukafunguka. Bibi kasimama na kanga yake ananiangalia. "Mwanangu, unaupiga picha mlango wangu hujabisha hodi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema shikamoo bibi, nisamehe, hodi. Akasema marahaba, karibu, sasa kaa hapo barazani. Nikaletewa kahawa na kashata. Akaniambia wameshakuja watu na gari wanataka kuununua, wakaupeleke kwenye hoteli, na wanawe wawili wakawa wameshakubali. "Nikawauliza, mkiondoka nao mimi usiku nilale nimejifungia nini, pazia?" Wakamwahidi mpya wa chuma. Akakataa, anasema ule ukifungwa anajua kwa mlio kama ni mwanawe karudi au ni mgeni, wa chuma wote unalia kengele moja.

Nilimpelekea picha zilizosafishwa safari iliyofuata. Aliangalia ile ya mlango, akaiweka pembeni, akasema na mimi nipige basi.

Mdau wa Tandika

Naomba kuuliza, ile misumari si ni ya kuzuia tembo wasisukume mlango? Guide alituambia.

Fundi, Keko

Asili yake inasemwa ni huko India, zamani kwenye vita vya tembo. Unguja ukiona tembo amekuja mlangoni piga simu haraka. Kule ni urembo na kuonesha mwenye nyumba anazo.

Mwalimu mstaafu

Mimi niliwapeleka wanafunzi Beit al-Ajaib, kule Unguja, miaka ile. Jengo la Sultani Barghash, 1883. Milango mikubwa, maandishi ya Kiarabu yamechongwa juu yake, aya za Qur'ani. Mtoto mmoja wa darasa la sita, mtundu kweli yule, kila mahali nikimtafuta simuoni, nikamkuta anapima mlango kwa mikono yake, pima baada ya pima, anaandika kwenye daftari la hesabu. Sehemu ya jengo ilipoporomoka Desemba 2020 alinipigia, sasa ni mtu mzima yuko Mwanza, cha kwanza kuuliza: mwalimu, na milango?

Mleta uzi

Nimesoma zote wakuu, bibi wa Bagamoyo kaniua kabisa.

Mrejesho: leo nilitoka kazini mapema nikaenda pale Old Boma kuangalia mfaa kama fundi alivyosema. Nimeinama nimewasha tochi ya simu, mlinzi akaja.

"Kaka unatafuta nini?"

"Naangalia mlango."

"Mlango si ndio huo, ingia."

"Siingii, naangalia tu."

Kaniangalia, kauangalia mlango, kaniangalia tena. Tukawa wawili tumeinama.