Kipimo cha mafuta kimeshuka, mume wangu kaacha dawa

Bint Mtambwe:
Asalaam alaykum jamani. Naombeni ushauri, khasa kwa wenzetu wa afya.

Mume wangu ana miaka 49, anauza samaki sokoni Wete. Si mnene wa kusema mnene, ila kitambi kimemtangulia. Alipimwa asubuhi kabla ya kula, karatasi ikasoma hivi: kolesteroli yote 6.9, LDL (kolesteroli mbaya) 4.6, HDL (kolesteroli nzuri) 0.9, trigliseridi (mafuta mengine ya damu) 3.1, sukari 6.3. Presha 148/92. Akaandikiwa atorvastatini ya miligramu 20 na dawa ya presha. Kameza, karudi kupima, LDL imeshuka hadi 2.7. Basi! Vidonge vya mafuta kavitupa juu ya kabati, anasema kapona. Sasa kila alfajiri ni maji ya thomu na ndimu, maana kaambiwa barazani kuwa dawa hizi zinaua ini.

Kweli kapona? Na hii nazi je? Mawifi wanasema mie mpishi ndiye niliyemponza. Kwetu hata maharage hayapikwi bila ya tui.

Mzee wa Kiuyu:
Waalaykum salaam mwanangu. Babu zetu wamekula nazi na wamekufa na miaka tisini. Mwachie mumeo nazi yake. Siku hizi kila kitu dawa.

Muuguzi wa Chake:
Shikamoo mzee wangu. Babu huyo alikuwa akipanda mikarafuu na akitembea kwa miguu kutwa, soda hakuijua. Na wale walioanguka ghafla na miaka hamsini hakuna aliyewapima. Tulisema wamehusudiwa, tukazika.

Dada, hajapona. Statini, yaani jamii ya hiyo atorvastatini, inazuia kimeng'enya ambacho ini hutumia kutengeneza kolesteroli. Ini likiona imepungua, linaongeza vipokezi na kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Akiacha kidonge, kazi hiyo inasimama, na baada ya wiki chache kipimo kinarudi kule kule. Hiyo 2.7 ni ya dawa, si yake. Habari ya ini: kwa watu wachache vipimo vya ini hupanda, lakini ini kuharibika hasa ni nadra mno. Mimi ningeangalia misuli zaidi. Akiumwa na misuli bila ya sababu, au mkojo ukawa wa kahawia, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachonitisha kwenye karatasi yako si LDL peke yake. Kitambi, trigliseridi kuanzia 1.7, HDL chini ya 1.0 kwa mwanamume, presha kuanzia 130/85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6. Mtu akiwa na vitatu kati ya hivyo, tayari ana sindromu ya kimetaboliki, yaani mkusanyiko wa dalili za hatari ya moyo na kisukari. Shemeji anavyo vyote vitano. Maana yake mwili wake umeanza kutoisikia insulini, homoni inayoshusha sukari. Kisukari bado, hicho ni kuanzia 7.0, lakini kipo mlangoni, na mishipa ya moyo huziba bila ya mtu kuhisi chochote. Anavuta sigareti?

Bint Mtambwe:
Kaacha zamani, alhamdulillahi.

Mama Mkoani:
Bibie, usibebeshwe lawama na mawifi, Pemba nzima inapika nazi. Nazi haina kolesteroli hata chembe, hiyo hutoka kwa wanyama tu. Lakini mafuta yake zaidi ya asilimia 80 ni ya aina ile inayopandisha LDL, kwa hiyo kupunguza lazima. Mimi wangu alipoandikiwa vidonge kama hivyo, niliweka sharti moja: nazi chungu kimoja. Wali ukiwa wa nazi, samaki anachomwa au anapikwa kwa ukwaju. Mchuzi ukiwa wa nazi, wali mweupe. Na nikapunguza tui zito, nikapikia lile la pili. Alinuna mwanzo, sasa anakula.

Ila hebu niambie, chai ya asubuhi anakunywaje?

Bint Mtambwe:
Ya maziwa, sukari vijiko vinne, na maandazi. Sokoni soda, wakati mwengine mbili. Usiku sahani ya wali imejaa hadi ukingoni.

Mama Mkoani:
Haya! Hapo ndipo pa kuanzia. Mchana kutwa umeisakama nazi, kumbe trigliseridi zinapikwa na chai na soda.

Muuguzi wa Chake:
Kasema kweli. Sukari na wanga wa ziada ini hugeuza kuwa trigliseridi. Sukari kwenye chai ipungue, soda ziondoke, wali nusu sahani na mchicha nusu. Vibua anavyo mezani kwake, ale, wana mafuta mazuri. Halafu atembee kwa mwendo wa haraka angalau nusu saa siku nyingi za wiki.

Mfamasia Darajani:
Nyongeza tu. Thomu na ndimu anywe akipenda, ila thomu hushusha kolesteroli kidogo mno, haishiki nafasi ya statini. Atakalojihadhari nalo ni balungi, linaifanya atorvastatini irundikane kwenye damu. Akitaka kuacha au kupunguza dawa, azungumze na daktari aliyemwandikia.

Bint Mtambwe:
Ahsanteni sana. Usiku huu namwekea simu aisome mwenyewe. Na Ramadhani je?

Mfamasia Darajani:
Atorvastatini haichagui saa, anameza akishafutari. Ile ya presha ndiyo aulizie saa zake kabla mwezi haujaandama.

Mzee wa Kiuyu:
Mfamasia, mie nina kidonge kama hicho hapa ndani na mibalungi miwili nyuma ya nyumba. Sasa?

Mfamasia Darajani:
Uza balungi, mzee wangu.